Neno Nililomfundisha Tata

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha karatasi za kidato cha pili. Zoezi lenyewe lilikuwa jepesi: wanafunzi waoanishe vitenzi vya Kiingereza na majina yanayoandamana navyo, kisha watunge sentensi. Mtoto mmoja, mwandiko wake mdogo kama anaogopa kumaliza wino, aliandika, "My father did a mistake." Ni kosa la kawaida sana. Mwalimu yeyote wa Kiingereza amelipiga mstari mwekundu mpaka mkono umezoea. Mimi sikulipiga. Niliweka kalamu mezani, nikatoka nje ya ofisi ya walimu, nikasimama karibu na tenki la maji mpaka kengele ikalia. Mwenzangu mmoja alinifuata kuuliza kama naumwa. Nikamwambia ni kichwa.

Kichwa hakikuwa kinauma. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Genkuru, darasa la tano, na pua yangu ilikuwa imejaa harufu ya mawe yaliyosagwa.

Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba yangu. Sisi nyumbani tulimwita Tata, kwa Kikurya. Alikuwa mchimbaji mdogo, mtu wa kushuka kwenye maduara, yale mashimo membamba wanayochimba watu kwa nyundo na tindo wakifuata mkanda wa dhahabu. Jioni aliporudi, vumbi jeupe lilikuwa limemjaa kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya shingo, na hata akioga kwa maji ya moto harufu ilibaki. Haikuwa mbaya. Inafanana na harufu ya ardhi kavu inapopata matone ya kwanza ya mvua, ila kali zaidi. Nikiwa mdogo nilidhani akina baba wote wananuka hivyo.

Upande wa pili wa kilima ulikuwepo mgodi mkubwa. Alasiri walipolipua miamba, vikombe vyetu kabatini viligongana, na mama alishika sufuria bila hata kukatisha maneno yake. Hatukuwa na habari nyingi za huko ndani. Tulichojua ni kwamba wanaofanya kazi kule huvaa viatu vigumu na fulana zinazong'aa, na hawashuki shimoni kwa kamba.

Baba mdogo Chacha, ndugu yake Tata anayemfuata, aliendesha bodaboda kati ya kijijini kwetu na Nyamongo, kwa hiyo habari zote zilipitia kwake kwanza. Siku moja alikuja akakaa kwenye kigoda bila kuvua koti na kusema kampuni moja inayofanya kazi za mgodini inatafuta watu wa kusimama barabarani na bendera, kuelekeza malori yapite au yasimame. Vyeti hawaviangalii sana, alisema, lakini mtu awe na Kiingereza kidogo, maana msimamizi ni mgeni na intavyuu itakuwa kwa lugha yake. Ilikuwa imebaki kama mwezi na nusu.

Tata alikuwa ameishia darasa la saba. Alikohoa, kisha akaniangalia mimi niliyekuwa nachambua mboga.

"Robi," akasema, "si huwa unasema madam wenu anakusifia Kiingereza?"

Ilikuwa kweli. Madam Adelina alitoka Bukoba, na alikuwa na kadibodi kubwa aliyoitundika ukutani. Upande wa kushoto aliandika vitenzi, upande wa kulia majina, na katikati akavuta nyuzi za rangi. Alitufundisha kwamba kujua Kiingereza si kukariri neno moja moja, ni kujua neno lipi linatembea na lipi. Ukilitenga na mwenzake, utaeleweka, lakini watu watajua wewe ni mgeni. Wenzangu wengi walichukia ile kadibodi. Mimi niliipenda. Nilikuwa naweza kufumba macho nikaona nyuzi zote.

Basi nikawa mwalimu wa baba yangu. Jua likianza kushuka, kabla ya chakula, aliosha mikono mpaka kwenye viwiko, akafungua daftari jipya na kuchonga penseli kwa kisu. Kisha aliniamkia. "Shikamoo, mwalimu," alisema bila kucheka hata kidogo, na mimi nikiwa na miaka yangu kumi na mmoja niliitikia marahaba. Mama alikuwa pale pale jikoni akisonga ugali wa mtama na muhogo. Yeye Kiingereza hakukijua kabisa, hata Kiswahili alikitumia akienda sokoni tu, lakini sikio lake lilikuwa kwetu.

Tata hakuwa mwanafunzi wa kupokea tu. Kila neno alilibishia. Nilipomwambia kwamba kwa Kiingereza mtu ndiye anayeshika mafua, "catch a cold", aliweka penseli chini. Kwetu mafua ndiyo yanamshika mtu, akasema, na hivyo ndivyo mambo yalivyo. Nani aamke asubuhi akayakimbilie mafua? Nilipomwambia usikivu unalipwa, "pay attention", aliuliza analipwa nani. Nami nikamjibu kama Madam alivyotujibu sisi, kwamba hata Kiswahili kina vituko vyake: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, na wala hatuna ugomvi na hivyo vitu. Alicheka mpaka kikohozi kikamkatisha. Kesho yake nilimsikia akimsimulia jirani jambo hilo, na akalisema kama amelivumbua yeye.

Somo gumu lilikuwa la "make" na "do". Kwetu yote mawili ni kufanya, na Mwingereza hana sababu anayoweza kukupa. Nilimwandikia safu mbili. Tulipofika kwenye kosa, nikasema, "Make a mistake."

"Make si kutengeneza?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kosa linatengenezwa," akasema. Alifikiri kidogo. "Ni kweli lakini. Kosa halitokei lenyewe. Mtu anakaa analitengeneza."

Akaliandika kwa herufi kubwa. Mama alirudia neno hilo peke yake akipakua ugali, "mek, mek," kama anaonja chumvi.

Sijawahi kumwona Tata akiwa na furaha kama wiki zile. Alimwambia ndama "pay attention" kabla ya kumfunga kamba. Alimkaribisha baba mdogo kwa "take a seat", na baba mdogo, ambaye hakuelewa, akabaki amesimama. Nami nilijiona mtu mkubwa. Nilitembea kwenda shule nikijua kwamba kuna mwanaume mzima, mwenye ng'ombe na shamba, anayesubiri nirudi ili apate kujua kitu.

Kisha kikaja kikao cha wazazi.

Kilifanyika katika darasa la saba, na sisi watoto tulijazana madirishani kuangalia nani amekuja. Tata alifika amechelewa kutoka duarani. Alikuwa amenawa uso tu. Shingo bado ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye swali, alisimama. Nilijua kabla hajafungua mdomo. Moyo wangu ulianza kugonga, mwanzoni kwa fahari.

"Madam," akasema kwa sauti ya kanisani, "I want to make a question."

Swali haliundwi kwa "make". Swali linaulizwa, "ask". Lilikuwa kwenye kadibodi, uzi wa kijani. Sikuwa nimefika huko na yeye. Dirishani kwetu mmoja akacheka, na wote wakamfuata. Hata wazazi wengine ambao hawakujua kosa liko wapi walitabasamu kwa sababu watoto wao wanacheka. Madam Adelina aliitikia vizuri, akairudia sentensi polepole kwa usahihi wake, bila kumtazama mtu usoni. Tata alishukuru, akahamia Kiswahili. Alitaka kujua kama Kiingereza wanachofundishwa watoto kitawatosha wakifaulu kwenda sekondari, maana yeye anaye binti.

Binti mwenyewe alikuwa amechuchumaa chini ya dirisha. Nilijikunja pale pale kwenye nyasi ili Tata asinione. Lakini alikuwa ameshaniona, kwa sababu nilipokuwa naporomoka ukutani macho yetu yalikutana. Nilikuwa nacheka pamoja na wenzangu. Sikutaka kucheka. Uso wangu ndio ulicheka.

Kuanzia siku ile nikapewa jina. Niliitwa Make-a-Question. Wakati wa kuteka maji ya shule, Make-a-Question alete ndoo. Mstarini, Make-a-Question asogee mbele. Mtoto mwenye akili zaidi angecheka nao na jina lingekufa baada ya siku tatu. Mimi nililia chooni, na jina likashika. Nyumbani sikumwambia mtu. Nilianza kuchelewa kurudi, na masomo ya jioni niliyafundisha kwa haraka, nikiangalia pembeni. Tata hakuuliza kitu. Kuhusu kile kikao alisema mara moja tu, kwamba siku ile ulimi ulimtangulia.

Ijumaa kabla ya Jumatatu ya intavyuu, alikuja na daftari mapema. Alikaa, akaniamkia kama kawaida, nami sikuitikia. Akasema leo tupitie yale ya "make" na "do" kwa mara ya mwisho, yasije yakamchanganya mbele ya watu.

"Mistake ni ipi?" akauliza.

Mchana ule wenzangu walikuwa wameliandika lile jina ubaoni. Nikamjibu, "Do."

"Do?"

"Do a mistake. Ndivyo wanavyosema."

Mwiko wa mama ulisimama kwenye sufuria. Tata aliniangalia, si kwa ukali, aliniangalia tu kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Kisha akainamia daftari na penseli yake ikatembea kidogo. Niliamini anafuta. Niliondoka kwenda kufungia ndama, na kule zizini, mikono ikiwa bado kwenye kamba, nilijisikia vizuri kwa muda mfupi sana. Baada ya hapo nilijisikia vibaya.

Nilikuwa na Jumamosi nzima na Jumapili nzima ya kumwambia. Jumamosi tulipalilia mahindi mstari kwa mstari, yeye na mimi, na mara mbili nilifungua mdomo. Jumapili tulitoka kanisani akapiga pasi ya mkaa koti lake la pekee, na nilikaa karibu naye nikimtazama akinyunyiza maji kwenye kola. Neno lenyewe ni fupi. Lakini kulisema kungekuwa ni kukiri la Ijumaa, na kukiri la Ijumaa kungekuwa ni kukiri la dirishani. Nikajiambia labda hawatamuuliza habari za makosa.

Jumatatu alipanda pikipiki ya baba mdogo, koti limefungwa vifungo vyote. Walirudi alasiri. Nilimsubiri kwenye miti ya mkonge, na aliposhuka aliniwekea mkono kichwani.

"Nimejibu kama ulivyonifundisha, mwalimu," akasema. "Yote."

Sitasahau kwamba alitabasamu.

Walisema watapiga simu, ndivyo alivyomwambia mama. Simu yetu ilishika mtandao mahali pamoja tu, kwenye msumari uliokuwa juu ya mlango, kwa hiyo ilining'inia pale kwenye kamba kutwa nzima. Wiki ya kwanza kila ilipolia tuliruka. Mara nyingi alikuwa ni baba mdogo. Wiki ya tatu Tata aliitoa msumarini, akaitia mfukoni, akarudi duarani.

Nilihesabu jambo hilo kwa akili yangu ya kitoto, na hesabu haikunipa shida. Alikuwa amekaa mbele ya mgeni, akaulizwa swali, akasema "I did a mistake", na yule mgeni akafunga daftari lake. Nani tena angekuwa na kosa? Yeye mwenyewe alisema amejibu kama nilivyomfundisha.

Masomo yalikwisha bila mtu kutangaza kwamba yamekwisha. Hata hivyo baadhi ya jioni alikaa karibu yangu na lile daftari magotini, halijafunguliwa. Alikohoa, akaangalia moto. Nami kila nikimwona amekaa hivyo nilisimama nikasema naenda kufungia ndama. Ndama wetu walifungiwa mapema kuliko ndama wote wa Genkuru.

Mvua za masika zilipoanza, duara lao lilititia. Ilikuwa saa nne asubuhi, sisi tuko darasani. Watatu walifukuliwa wazima. Tata alikuwa chini kabisa.

Mimi sikuelezwa hivyo. Nilichoona ni mwalimu mkuu akisimama mlangoni na kumwita Madam Adelina, na baadaye Madam akanishika bega na kunitoa nje na begi langu. Walisimama wawili juu ya kichwa changu. Mwalimu mkuu alimwuliza jambo kwa sauti ya chini, na Madam akajibu kwa Kiingereza. Walitumia Kiingereza ili nisielewe, kama watu wazima wanavyofanya. Alisahau kwamba mimi ndiye mwanafunzi wake bora.

"The child has lost her father," alisema.

"Lose" nilikuwa naijua. Ilikuwa na nyuzi nyingi kwenye kadibodi: unapoteza kalamu, unapoteza njia, unapoteza mchezo. Na nilijua jinsi sentensi ya Kiingereza inavyokaa, mtendaji mwanzo, anayetendwa mwisho. Mtoto ndiye aliyempoteza baba. Nilielewa mambo mawili kwa mara moja. La kwanza, kwamba wanajua nilichofanya. La pili, kwamba Tata amepotea, na aliyepotea anatafutwa.

Madam alinisindikiza kwa miguu, mkono wake umeshika wangu. Mvua ilikuwa imekatika, njia ni matope mekundu. Niliangalia kila upande. Niliangalia kwenye mikonge, kwenye kibanda cha muuza chai alipopenda kusimama, kule bondeni wanakooshea mchanga wa dhahabu. Aliniuliza naangalia nini. Nikasema natafuta. Akaanza kulia, na mimi nikashangaa mtu mzima analia kwa kitu ambacho hatujamaliza hata kukitafuta.

Uwanja wetu ulijaa watu. Mama alikuwa amekaa chini, kitenge kimemtoka kichwani, miguu imenyooshwa mbele kama ya mtoto. Nilimwendea nikamwambia asilie, njia zote za Tata mimi nazijua, nitampata. Wanawake waliokuwa wamemshika waligeuza nyuso. Baba mdogo ndiye aliyeninyanyua, ingawa nilikuwa mkubwa wa kunyanyuliwa, akanipeleka ndani. Walikuwa wameshamwosha. Harufu ya mawe haikuwepo. Kwa sababu hiyo nilikataa kwanza, nikasema huyu siye.

Alizikwa nyuma ya nyumba, kama kawaida ya kwetu. Madam alihudhuria. Wenzangu walikuja mstari mmoja wamevaa sare, na tangu siku ile hakuna aliyeniita Make-a-Question tena. Ningetoa kitu chochote waniite.

Darasani niliacha kunyoosha kidole kwenye somo la Kiingereza. Madam alidhani ni majonzi, na yalikuwa majonzi, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine. Niliogopa kusema neno nisije nikampoteza mtu mwingine. Nilifaulu, nikaenda sekondari, nikaendelea mpaka kidato cha sita, na Kiingereza kilibaki kuwa somo langu bora katika karatasi. Kwa mdomo nilikuwa bubu. Niliamini kitu hiki miaka minane. Msomaji atashangaa mtu anawezaje kukua, akajifunza fizikia na historia, akaelewa kwamba duara linatitia kwa sababu ya maji, na bado akaamini kwamba neno moja ndilo lililomrudisha baba yake shimoni. Nami nashangaa. Lakini niliyajua yote mawili, na moja halikulifukuza jingine.

Siku ya kujaza fomu za chuo cha ualimu, baba mdogo alikuja na pikipiki anipeleke Tarime mjini. Mama alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Baba mdogo alichukua fomu, akaisoma kwa kusogeza kidole, akauliza mbona sijaandika Kiingereza wakati kila mtu anajua ndiko nilikofaulia. Nikasema sitakifundisha. Akauliza kwa nini. Sikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimesimama, mkono kwenye sanduku la vyeti vyangu, na maneno yakanitoka yote: dirisha, Ijumaa, "do", mikonge, mkono wake kichwani. Nikamaliza kwa kusema kwamba mimi ndiye niliyemkosesha Tata kazi, na kukosa kazi ndiko kulikomrudisha duarani.

Baba mdogo alinitazama kama nimeanza kuongea lugha ya ndege.

"Kiingereza kipi, Robi?" akasema. "Tata yako hakuulizwa hata neno moja. Tulikutana na mama mmoja wa huku huku kwetu, akamuuliza kwa Kiswahili jina na umri, basi. Halafu wakampima."

Akanieleza polepole. Walimpiga Tata picha ya kifua. Daktari akamwambia mapafu yamejaa vumbi la mawe, kazi ya barabarani hawezi kupewa, tena hata duarani asirudi. Njiani walisimama, Tata akamwambia nyumbani wasijue, watapata hofu. Kuhusu mimi alisema huyu mtoto amenifundisha mwezi mzima, siwezi kumwambia hakuna aliyetaka kusikia.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimesubiri miaka minane mtu anitoe hatiani, na sasa nilipotolewa sikuona pa kwenda. Niliwaza maneno yote yale, safu mbili kwa penseli, aliyoyabeba mpaka mlangoni pa watu ndani ya koti lililopigwa pasi, akarudi nayo.

"Kiingereza alisema mara moja tu," baba mdogo akaongeza. "Tulipokuwa tunatoka alifungua mlango siyo. Ndani kulikuwa na mzungu. Tata yako akamwambia sori, ai medi mistek. Yule mzungu akacheka vizuri, akatuonyesha njia. Tata yako alitembea pale kama amepata hiyo kazi."

Nikamuuliza kama ana hakika alisema "medi". Si "did"?

"Medi, kama medisini. Nilidhani anaomba dawa."

Mama hakuwa ameacha kupukuchua. Alisema kwa Kikurya, akiangalia gunzi mkononi, kwamba Tata alijua. Tena wote wawili walijua, maana yeye alikuwa amelisikia lile neno la kwanza siku ile nilipolifundisha na hakulisahau. Ijumaa ile nilipotoka kwenda zizini, mama alimwambia mtoto amekudanganya, mwite umchape. Tata akasema niachwe. Akasema alinitia aibu mbele ya wenzangu, kwa hiyo nina hasira, na mwalimu akiwa na hasira hukosea. Ikipoa nitakuja mwenyewe kumrekebishia.

"Ndiyo maana alikuwa anakaa na lile daftari," mama akasema.

Kuku alikuja akadonoa punje zilizoruka, na mama hakumfukuza. Kisha akasema lililobaki, bila kuniangalia. Asubuhi ile ya mvua, Tata akiwa anafunga viatu, alimwambia kwamba amechoka kungoja, jioni akirudi ataanza yeye.

Baba mdogo aliwasha pikipiki. Nilimwomba anisubiri. Nikaichukua fomu, nikaandika Kiingereza pale palipoachwa wazi, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeota nyasi fupi ambazo mbuzi walikuwa wamezila. Nilisimama miguuni pake. Sikuomba wala sikulia. Nilisema "make", neno moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyomsahihisha mwenzake.

Kisha nikarudi mbele, nikapanda pikipiki.